Homa ya Viungo na Maji ya Akiba

Mkesha wa Krismasi ya 2017 ulikuwa haujafika wakati hospitali za kibinafsi mjini Mombasa zilipoiarifu idara ya afya kwamba kuna homa isiyoeleweka. Wagonjwa walikuwa wakipandwa na joto kali kwa ghafla, wakipimwa malaria na kukutwa hawana, huku viungo vikiwauma na mwili ukiwaisha nguvu. Damu ilisafirishwa hadi Nairobi, kwenye maabara ya Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu, KEMRI. Mapema Januari 2018 jibu likarudi: chikungunya.

Kenya ilikuwa imetoka katika mwaka mgumu wa afya. Madaktari wa hospitali za umma walikuwa wamegoma kwa siku 100, tangu Desemba 2016 hadi Machi 2017. Wauguzi wakafuata na mgomo wao, kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Novemba. Homa hii ilipochipuka, watu wengi walikuwa wameshazoea kujitibu kwa kununua dawa dukani. Kwa hiyo hesabu iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani inafaa isomwe kama hesabu ya waliobahatika kuonwa tu. Kufikia tarehe 3 Februari 2018, watu 453 walikuwa wameorodheshwa, 32 wakiwa wamethibitishwa na maabara na 421 wakishukiwa. Walitoka Changamwe, Jomvu, Kisauni, Likoni, Mvita na Nyali, yaani kaunti ndogo zote sita za Mombasa.

Ukitaja Mombasa, mgeni hufikiria kisiwa: Ngome ya Yesu, Mji wa Kale, pembe za ndovu za Barabara ya Moi. Lakini sensa ya 2019 ilihesabu watu 154,171 tu katika Mvita, ambayo ndiyo kisiwa, kati ya wakazi 1,208,333 wa kaunti nzima. Waliobaki wako bara. Kisauni peke yake ina watu 291,930, Likoni 250,358 na Changamwe 131,882. Huko ndiko wanakolala wapagazi wa bandari, mafundi, wahudumu wa hoteli, madereva wa malori na wauza samaki. Huko pia ndiko maji ya bomba yanakofika kwa zamu, na kila nyumba ina vyombo vya kuyawekea akiba. Historia ya homa hii ya viungo katika pwani yetu haisomeki vizuri bila vyombo hivyo.

Wengi waliopatwa nayo mwaka ule waliiona kuwa ni maradhi mapya. Hata jina lilikuwa geni masikioni. Lakini pwani ya Waswahili inaonekana kuijua tangu zamani. Mnamo 1870 daktari James Christie alikuwa akifanya kazi Unguja. Mji ulikuwa umetoka tu katika kipindupindu kikali kilichoua maelfu, msiba ambao yeye mwenyewe alikuja kuuandikia kitabu kilichochapishwa mwaka 1876. Kabla watu hawajapumua, homa nyingine ikaingia. Hii haikuua sana, ila ilimwangusha karibu kila mtu, tajiri na mtumwa, Mwarabu na Mhindi. Ilianza kwa ghafla, ikashika viungo, ikatoa vipele, kisha ikaacha maumivu yaliyokuwa yakienda na kurudi. Wenyeji waliiita kidinga pepo. Wazee walimwambia Christie kwamba waliwahi kuiona ujanani mwao, na kwa hesabu yao ilikuwa mwaka 1823.

Christie alichapisha maelezo yake katika jarida la madaktari wa Uingereza mwaka 1872. Wakati huo homa ilikuwa imeshafuata njia za biashara hadi Aden na India. Madaktari wa Kizungu waliiweka katika kapu moja na dengue, na ikakaa humo kwa karibu miaka 100. Mwaka 1971 mtafiti wa Kimarekani Donald Carey, aliyekuwa amefanya kazi India, aliyarudia maandishi ya kale na kuyasoma upya. Alitazama mambo mawili hasa: viungo vilivyovimba, na maumivu yaliyodumu miezi baada ya homa kwisha. Dengue huvunja mwili kwa maumivu ya mifupa na misuli, lakini si kawaida yake kumwacha mtu na vifundo vilivyovimba kwa miezi. Kwa hoja hiyo Carey alisema kwamba homa ya Unguja ya 1823 na ya 1870 haikuwa dengue. Ilikuwa chikungunya, iliyokuwa bado haijapewa jina hilo.

Jina lilipatikana kusini zaidi, katika uwanda wa juu wa Wamakonde, wilaya ya Newala, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Tanganyika. Mwaka 1952 homa ilizuka huko na kusambaa kijiji hadi kijiji. Daktari Marion Robinson alieleza alivyowaona wagonjwa: maumivu ya viungo yalianza kwa ghafla, yalikuwa makali kiasi cha kumnyima mtu usingizi, na yalimkunja hadi akashindwa kusimama wima. W. H. R. Lumsden, aliyetoka katika taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, Uganda, alichunguza jinsi homa ilivyosambaa. Maelezo yao yalichapishwa mwaka 1955 pamoja na neno la Kimakonde ambalo watu wa huko walilitumia, na dunia nzima ikalichukua. Mwaka uliofuata R. W. Ross alichapisha habari za virusi vyenyewe, vilivyopatikana katika damu ya wagonjwa na katika mbu walionaswa.

Lumsden aliona jambo ambalo lingefaa kusomwa katika kila ofisi ya maji ya pwani. Uwanda wa Makonde una udongo unaofyonza mvua, kwa hiyo hauna mito wala madimbwi ya kudumu. Mtu angetegemea kwamba mahali pakavu hivyo pasiwe na mbu wengi. Kumbe ukame wenyewe ndio uliowalea. Wanawake walikuwa wakiteremka mabondeni kuchota maji, wakayapandisha kichwani na kuyahifadhi ndani ya nyumba. Maji yaliyopatikana kwa taabu namna hiyo hayamwagwi ovyo. Yalikaa siku nyingi chini ya paa, kwenye kivuli, pasipo samaki wala chura wa kula viluwiluwi. Mbu aina ya Aedes aegypti hahitaji zaidi ya hapo.

Mbu huyu ana tabia zake. Ni mweusi, ana madoa meupe miguuni, na huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri, kwa hiyo chandarua cha kulalia hakimzuii sana. Hapendi mtaro mchafu. Hutafuta maji yaliyotulia ndani ya chombo, na hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Mayai hayo yanaweza kukauka na kungoja miezi. Maji yakijazwa tena na kuyagusa, yanaanguliwa. Ndiyo maana kumwaga maji peke yake hakutoshi. Kuta za pipa lazima zisuguliwe.

Watafiti waliotaka kujua mbu huyu alivyomzoea binadamu hawakwenda mbali na Mombasa. Walikwenda Rabai, juu ya vilima vilivyo nyuma ya Jomvu na Miritini, mahali ambapo mmisionari Krapf alijenga kituo chake katika miaka ya 1840. Katika miaka ya 1970 Milan Trpis na wenzake waligundua kwamba Rabai ilikuwa na makundi mawili ya Aedes aegypti yaliyoishi karibu karibu bila kuchanganyika sana. Kundi moja lilikaa msituni, likazaliana katika matundu ya miti na kunyonya damu ya wanyama. Kundi la pili, lenye rangi ya kufifia, lilikaa ndani ya nyumba, likazaliana kwenye mitungi ya udongo na kumtafuta binadamu. Mwaka 2014 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Carolyn McBride na wenzake, ambao kwa kutumia mbu wa Rabai ulionyesha kwamba wale wa nyumbani wana kipokezi cha harufu kinachonasa vyema kemikali inayopatikana kwa wingi katika harufu ya mwili wa mwanadamu. Mtungi wa maji ulimpa mbu makao, na vizazi vilivyofuata vikajifunza harufu ya mwenye nyumba.

Mombasa yenyewe ilikuwa inakua kwa kasi kuliko mabomba yake. Bomba kubwa la Mzima lilikamilika mwaka 1957. Lilileta maji ya chemchemi za Tsavo kwa umbali wa kilomita 220 hivi, wakati ambapo mji mzima ulikuwa na watu wasiofikia laki mbili. Baadaye visima vya Baricho, kandokando ya mto Sabaki, vikaongezewa pwani ya kaskazini, navyo vya Tiwi vikaihudumia Likoni na pwani ya kusini. Chemchemi za Marere katika milima ya Shimba zilikuwa zikitumika tangu mapema zaidi. Kisha watu wakawa zaidi ya milioni moja, na maji yanayofika hayafikii nusu ya mahitaji.

Matokeo yake yanaonekana kila mtaa wa bara. Likoni, kuanzia Mtongwe hadi Shika Adabu, mitungi ya lita 20 hupangwa foleni kwenye bomba la mtaa, na mikokoteni huisambaza milangoni. Kisauni, katika Mtopanga, Mlaleo na Bamburi, watu huchanganya maji ya kisima kwa kufulia na ya kununua kwa kunywa, kila aina katika chombo chake. Changamwe, kuanzia Chaani hadi Magongo, nyumba za kupanga zina mapipa ya plastiki uani, moja la kila mpangaji, na tangi jeusi juu ya paa la mwenye nyumba. Maji yakija usiku wa manane, kila aliye macho hujaza alichonacho. Ongeza tairi kuukuu za gereji zilizo kando ya barabara kuu ya kwenda Nairobi, ambazo mvua moja tu huzitosha, na mbu ana mji mzima wa kwake.

Watu wa kale wa pwani hawakulala mbele ya tatizo hili. Lamu, nyumba za mawe zilikuwa na birika la maji, na ndani ya birika walifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi. Lakini Lamu hiyo hiyo ndiyo iliyoanguka kwanza katika wimbi la karne hii. Mwaka 2004 ukame uliipiga pwani. Visima vikapungua, na maji ya akiba yakakaa majumbani bila kubadilishwa. Kati ya Mei na Julai homa ya viungo ikasambaa kisiwani. Mwezi Oktoba wachunguzi walipima damu ya watu 288 na kukuta asilimia 75 wana alama za maambukizi. Kwa makadirio hayo, watu kama 13,500 wa kisiwa walikuwa wameambukizwa katika msimu mmoja. Wanasayansi waliolinganisha milipuko na hali ya hewa walionyesha kwamba ilikuja baada ya kipindi cha joto na ukame kisicho cha kawaida, sawa na yale aliyoyaona Lumsden kule Newala nusu karne kabla.

Kabla mwaka huo haujaisha virusi vilikuwa vimeshafika Mombasa. Kutoka pwani yetu vikavuka bahari. Mwaka 2005 viliikumba Ngazija, ambako upimaji ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu waliambukizwa. Mwaka huo huo vikafika Réunion, kisiwa cha Ufaransa, ambako hadi mwaka 2006 watu wapatao 266,000 waliugua, zaidi ya theluthi moja ya wakazi. Huko virusi vilipata badiliko dogo la kijeni lililovisaidia kuishi vizuri ndani ya mbu wa aina nyingine, Aedes albopictus, anayevumilia baridi. India ilihesabu wagonjwa zaidi ya milioni moja mwaka 2006. Mwaka 2007 vijiji viwili vya Italia vikapatwa. Desemba 2013 virusi, vya ukoo mwingine uliotoka Asia, vilitua katika visiwa vya Karibi.

Kwa vile Réunion ilikuwa na hospitali za Kifaransa na rejista kamili, ndiyo iliyotufundisha kinachotokea baada ya homa. Uchunguzi mmoja uliwafuatilia wagonjwa 147, na miezi 15 baadaye asilimia 57 kati yao walikuwa bado wanaumwa na viungo. Waliovuka miaka 45 na wale walioanza na maumivu makali zaidi ndio waliokuwa katika hatari kubwa.

Sababu iko ndani ya kiungo chenyewe. Kila kiungo kimezungushiwa utando mwembamba unaotoa ute wa kulainisha. Virusi huingia katika chembe za utando huo na za tishu zinazoushika. Kinga ya mwili hukimbilia hapo kupigana, na vita hivyo ndivyo vinavyovimbisha. Damuni virusi hutoweka ndani ya wiki moja hivi, lakini mabaki yake yamewahi kukutwa ndani ya chembe za utando miezi mingi baadaye, na uvimbe huendelea kuchochewa. Kwa wengi tishu hutulia pole pole. Kwa wachache hali hugeuka kuwa yabisi kavu ya muda mrefu, inayoweza kula gegedu na ncha za mifupa. Viungo vidogo huumia zaidi: vidole, viganja, vifundo vya miguu. Asubuhi huwa vimekaza, vikalegea jua likipanda.

Katika bara ya Mombasa ugonjwa wa namna hii huingia moja kwa moja katika mfuko wa nyumba. Mpagazi asiyeweza kufumba ngumi hana kazi bandarini siku hiyo. Mama anayekuna nazi na kukanda unga wa mahamri alfajiri hutegemea viganja vyake kuliko kitu kingine. Bodaboda hubana breki kwa vidole. Mtu wa Likoni anayefanya kazi ng'ambo lazima ateremke mteremko wa feri na kuupanda ule wa upande wa pili, kwenda na kurudi, kwa vifundo vilivyovimba. Na kwa sababu homa imekwisha, jirani humwona mzima.

Tiba ni ya kutuliza tu, kwa sababu dawa ya kuua virusi hivi haijapatikana. Mgonjwa hupewa paracetamol, maji ya kutosha na mapumziko. Dawa kama ibuprofen, ambazo ndizo zinazosaidia viungo zaidi, hucheleweshwa mpaka ithibitike kwamba si dengue, kwa vile katika dengue zinaweza kuongeza kutokwa na damu. Tahadhari hiyo Mombasa si ya kitabuni. Dengue ilizuka mjini mwaka 2013, na ikazuka tena mwaka huo huo wa 2017, ikibebwa na mbu yule yule.

Virusi vilikuwa vimeonyesha dalili ya kurudi Kenya kabla ya hapo. Mwaka 2016 vilizuka Mandera, mpakani mwa Somalia, vikawalaza hata wahudumu wengi wa afya. Vilipotua Mombasa mwishoni mwa 2017, uchunguzi wa kijeni ulionyesha ni wa ukoo wa mashariki, kati na kusini mwa Afrika, vikiwa na mabadiliko mawili yanayohusishwa na uwezo mkubwa zaidi wa kukua ndani ya Aedes aegypti. Kwa maneno mengine, virusi vilikuwa vimejifunza kumtumia mbu wa pipa la uani.

Kaunti ilipuliza dawa mitaani na kuwahimiza watu wafunike maji na kumwaga yaliyotuama. Mlipuko ukapungua katika mwaka 2018. Lakini dawa ya kupulizwa humpata mbu anayeruka, haiyafikii mayai yaliyoganda kwenye ukuta wa pipa. Ushauri wa kumwaga maji nao humgonga mtu aliyeyanunua kwa mkokoteni na asiyejua bomba litafunguka lini tena. Novemba 2023 Marekani iliidhinisha chanjo ya kwanza ya chikungunya. Agosti 2025 ikaisimamishia leseni kwa sababu ya wasiwasi juu ya madhara makubwa yaliyowapata baadhi ya waliochanjwa.

Wakati huo huo, Rabai kukatokea jambo lisilopigiwa tarumbeta. Watafiti waliorudi huko miaka 40 baada ya Trpis walimtafuta yule mbu wa ndani wa rangi ya kufifia na hawakumpata. Maelezo waliyoyaona kuwa ya kuaminika ni kwamba maji ya bomba yalikuwa yameingia, na mitungi ya ndani imepungua. Hilo halimaanishi kwamba Rabai haina mbu tena, wala kwamba bomba moja huondoa ugonjwa, kwa sababu wale wa nje wangalipo, na tairi na makopo ni mengi. Linaonyesha tu kwamba makao yaliyojengwa na binadamu kwa ajili ya shida yake ya maji yanaweza kubomolewa shida hiyo ikipungua.

Newala mwaka 1952, Lamu mwaka 2004 na bara ya Mombasa mwaka 2017 zilitofautiana kwa lugha, kwa utawala na kwa umbali wa hospitali. Zilifanana katika jambo moja: maji hayakuwa na uhakika, watu wakayaweka, na virusi vikapata mbu wa kutosha. Wizara ya afya ndiyo inayohesabu wagonjwa, lakini mlipuko ujao unaandaliwa penye ratiba ya maji. Anayetaka kujua utaanzia wapi aisome ratiba hiyo mtaa kwa mtaa, aanze na ile inayosubiri zaidi.